Otomatiki porini: joto la oili ndilo hesabu

Na Mwandishi wa Biashara, Arusha

WENYE magari ya utalii mjini hapa wamezoea kuulizana mambo matatu wanapouziana gari: mwaka, injini na bodi. Giaboksi haikuwa swali. Land Cruiser za toleo la 70 na Land Rover Defender zilizojaa barabara ya Makuyuni zilikuwa karibu zote za gia za mkono, na dereva aliyeunguza klachi alijulikana kwa harufu kabla hajafika Mto wa Mbu.

Hali hiyo inabadilika, na soko limeanza kuonyesha. Wawekezaji wadogo, hasa wale wanaoanza na gari moja au mawili, wananunua Prado, Land Cruiser 100, Nissan Patrol na Hilux Surf zilizotumika Japan, na sehemu kubwa ya magari hayo ni otomatiki. Sababu yao ni ya kibiashara. Gari hilo hilo hupeleka wageni Manyara wiki hii, likakodishwa kwa familia inayojiendesha wiki ijayo, na mwenyewe akalipeleka harusini Moshi siku ya Jumamosi. Aidha, mwaka 2023 Toyota walitangaza Land Cruiser 70 yenye injini ya dizeli ya lita 2.8 na giaboksi ya otomatiki ya gia 6, na zile zilizorudishwa katika soko la Japan mwaka huo zimetoka kwa otomatiki pekee. Kwa mwenye kujua njia ya magari ya mtumba kutoka Yokohama hadi bandari ya Dar es Salaam, maana yake haihitaji mnajimu. Miaka kadhaa ijayo, hata aliyeapa kutogusa otomatiki atajikuta akiletewa.

Safu hii haioni ubaya katika hilo. Kinachotia wasiwasi ni kwamba magari hayo yanaingizwa porini yakiwa na geji ya joto la injini tu, wakati kitu kinachokufa kwanza katika otomatiki ni oili ya giaboksi, ile nyekundu ambayo wengi mitaani huiita haidroliki. Katika vitabu vya kampuni ndogo oili hiyo haina mstari wake. Huingizwa kwenye "matengenezo mengineyo", na siku giaboksi inapokata katikati ya msimu, hasara huitwa bahati mbaya.

Joto linatoka wapi

Katika gari la gia za mkono, injini na magurudumu huunganishwa na sahani ya klachi. Katika otomatiki, kazi hiyo hufanywa na toki konveta, chombo ambacho asili yake ni hataza ya Mjerumani Hermann Föttinger ya mwaka 1905, iliyokusudiwa meli. Ndani yake kuna mapangaboi mawili yanayotazamana, yakizama katika oili. La kwanza huzungushwa na injini na kuirusha oili, na oili ikalisukuma la pili lielekealo kwenye gia. Hakuna chuma kinachogusana na chuma, ndiyo maana gari huondoka taratibu bila kuruka.

Ulaini huo una bei. Kila pangaboi la pili linapozunguka polepole kuliko la kwanza, tofauti hiyo hupotea, na kilichopotea hugeuka joto ndani ya oili. Tuchukue mfano wa hesabu tu: injini inatoa kilowati 60 mlimani na konveta inapitisha asilimia 70. Kilowati 18 zinabaki ndani ya oili, sawa na majiko 12 ya umeme ya kilowati moja na nusu yakiwashwa kwa pamoja chini ya miguu ya dereva. Kwenye lami ya Karatu, gari likishika mwendo, klachi ndogo iliyomo ndani ya konveta hufunga, mapangaboi yote mawili huzunguka pamoja na joto hushuka. Kwenye tope la Ndutu, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, haifungi.

Hapa wapo wanaokosea. Wanadhani gurudumu linalozunguka bure kwenye tope ndilo linaloua giaboksi. Linaua tairi na subira ya wageni, lakini oili huumia zaidi pale gurudumu linapokataa kabisa kuzunguka na dereva anaendelea kukanyaga mafuta. Wakati huo asilimia mia ya nguvu inageuka joto. Sekunde 10 hadi 15 za namna hiyo zinatosha kupandisha oili iliyo ndani ya konveta kwa kiwango cha kutisha.

Namba za kushika

Oili ya otomatiki hufanya kazi yake vizuri ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Sentigredi. Mafundi wa Marekani wana jedwali la siku nyingi ambalo mhasibu yeyote ataliona kama jedwali la uchakavu: oili inayokaa katika nyuzi 79 huhesabiwa kilomita 160,000, na kila ongezeko la nyuzi 11 hivi hukata umri huo nusu. Ukifika nyuzi 102 umebaki na kilomita 40,000. Ukifika 124 umebaki na 10,000. Jedwali hilo lilitungwa kwa oili za zamani, na oili za kutengenezwa viwandani za siku hizi huvumilia zaidi, lakini mwelekeo wake haujabadilika. Kuanzia 120 oili huanza kuungua na kuacha utando, sili za mpira hukauka, na baadaye sahani ndogo za ndani huanza kuteleza, jambo ambalo huzaa joto jingine juu ya lile la kwanza.

Baadhi ya Toyota zina taa ya onyo iliyoandikwa A/T OIL TEMP. Ni taa nzuri, ila ichukuliwe kama barua ya benki inayokujulisha kuwa akaunti imeshazidishwa. Haiwaki ili kukuambia unakaribia.

Namba nayo haina maana bila kujua imepimwa wapi. Oili inayotoka kwenye konveta ndiyo ya moto kuliko zote. Iliyoko kwenye sampu ndiyo giaboksi inayoishi nayo. Inayorudi kutoka kwenye kipoza inaeleza kama kipoza kinafanya kazi. Kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, gari hilo hilo, dakika hiyo hiyo, linaweza kutofautiana kwa nyuzi 20 au zaidi. Madereva wawili wakibishana hotelini kwamba mmoja gari lake lilisoma 90 na mwingine 125, huenda wote magari yao yako katika hali ileile.

Kisomaji kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kompyuta ya gari na kutuma namba kwenye simu ndiyo njia ya bei ya chini, na Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea hutoa namba zote mbili, ya konveta na ya sampu. Magari ya zamani zaidi, kama Land Cruiser 80, yanahitaji sensa ya kufungwa kwa mkono na geji ya mshale kwenye dashibodi. Safu hii inapendelea mshale. Simu huishiwa chaji, na dereva anaihitaji kwa mambo mengine.

Kreta kama kipimo

Gari linalotoka kata ya Engutoto alfajiri huanza safari mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na halina shida yoyote hadi lango la Lodoare. Shida iko mchana, wakati wa kupanda kutoka chini ya kreta ya Ngorongoro kwa barabara ya Lerai likiwa na wageni sita, mizigo na paa la kufunguka. Ni kupanda mamia ya mita kwa mwendo mdogo, kona baada ya kona, feni ikipata upepo haba. Ukingoni hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 20 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo rejeta na kipoza hupata hewa pungufu ya kubeba joto. Baridi ya juu husaidia kiasi, lakini si pale mapezi ya rejeta yalipoziba kwa vumbi na mbegu za nyasi za Serengeti ambazo hakuna aliyezipuliza tangu wiki iliyopita.

Sasa fedha. Kwa miaka ya karibuni ada ya gari moja kushuka kreta mara moja imekuwa dola 295 pamoja na kodi, mbali na kiingilio cha kila mgeni. Gari likikwama chini, ada hiyo hairudi. Gari la pili linaitwa kutoka Arusha, zaidi ya kilomita 150, nalo likitakiwa kushuka linalipiwa la kwake. Wageni wamepoteza siku waliyoisubiri mwaka mzima, na wakala wa ng'ambo anaomba punguzo. Kwa bei za madukani ughaibuni, hizo dola 295 za safari moja ya kreta hununua kipoza oili cha ziada, mipira yake na kisomaji cha joto, na chenji ikabaki. Hata ukiongeza usafirishaji na ushuru, hesabu haigeuki.

Kipoza hicho kifungwe wapi ni ubishi usiokwisha katika karakana za Unga Limited. Oili kwa kawaida hupozwa ndani ya tangi la chini la rejeta, na maji hayo hayo huipasha asubuhi ya baridi ili ifikie joto la kazi mapema. Kwa sababu hiyo kipoza cha ziada hufuatia rejeta, hakichukui nafasi yake. Lakini rejeta ya gari la miaka 15 ikitoboka kwa ndani, maji huingia kwenye oili na kuigeuza rangi ya waridi kama mtindi uliotiwa rangi, na giaboksi inakuwa imekwisha. Maoni ya safu hii ni kwamba anayenunua gari la umri huo anunue na rejeta mpya kabla ya kununua rangi mpya. Asiyeweza, akate njia ya rejeta na kutegemea kipoza cha nje peke yake. Ni bora asubuhi nzito kuliko giaboksi ya maziwa.

Kipimo cha joto kina faida ya pili ambayo haitajwi sana. Prado nyingi za matoleo ya 120 na 150 hutumia oili ya Toyota aina ya WS na hazina kijiti cha kupimia. Kiasi cha oili hukaguliwa kupitia tundu la chini ya sampu, injini ikiunguruma na oili ikiwa takriban nyuzi 50. Fundi anayejaza oili ya baridi kwa kukisia, au ya moto iliyokwishatanuka, anampa mteja kiasi kisicho sahihi, na oili ikipungua pampu huvuta hewa na joto hupanda bila mlima wowote.

Dereva na mwenye gari

Mengi yako mguuni kwa dereva, na hayagharimu senti. Gia nzito za L4 ziingizwe kabla ya mlima au tope. Hizo huzidisha nguvu takriban mara mbili na nusu, konveta huteleza kidogo na pampu huzunguka haraka. Joto likipita 120 kwenye sampu, gari lisimame, mkono uwekwe P, injini iachwe ikiunguruma, ikiwezekana juu kidogo ya kawaida. Wengi huzima, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa kuhusu kitu kilichochemka. Injini ikizimwa pampu ya oili nayo husimama, na oili ya moto hubaki palepale ilipo. Na giaboksi iliyochemka isizamishwe kwenye mto wa baridi. Hewa ya ndani hunywea ghafla na kuvuta maji kupitia kipumulio, kwa hiyo mpira wa kipumulio upandishwe hadi karibu na boneti.

Hapo ndipo lawama zinapoanzia. Giaboksi inapokufa, mwenye gari husema dereva amekanyaga ovyo. Dereva husema gari lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza, na mara nyingi mshahara wa dereva ndio unaolipa ubishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata kwa hasara isipokuwa iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mfanyakazi amepewa nafasi ya kujieleza, naye amekubali kwa maandishi. Na makato yasizidi robo ya malipo yake. Bila geji, kosa litathibitishwa na nini? Daftari la safari lenye safu ya joto la juu la kila siku, kandoni mwa kilomita na lita za dizeli, linamlinda dereva mwangalifu na linamlinda mwenye gari dhidi ya dereva asiyejali. Sampu iliyosoma 92 mwezi Juni kwenye barabara ya Lerai, ikasoma 108 mwezi Agosti kwa mzigo uleule, inadai fundi kabla haijadai giaboksi.

Mnunuzi wa gari la mtumba atumie kipimo hicho hicho. Jaribio la kuzunguka mzunguko wa Impala halionyeshi kitu. Alipe kiingilio cha Hifadhi ya Arusha, apande na gari kutoka Momella kuelekea Kitoto akiwa katika L4, kisomaji kikiwa kimechomekwa, kisha atazame joto linashuka kwa dakika ngapi akisimama. Anuse na oili yenyewe. Iliyoungua hunuka kama mkate uliosahaulika kwenye tanuri. Muuzaji akikataa safari hiyo, bei ishuke kwa thamani ya giaboksi nzima.

Miezi ya Aprili na Mei, mvua zikiwa zimeondoa wageni, ndiyo miezi mafundi wanapokuwa na nafasi na bei ya kazi hujadilika. Ifikapo wiki ya pili ya Juni foleni huwa imeshafika barabarani, na anayefungiwa kipoza wakati huo analipa kama mtu mwenye wageni uwanja wa KIA.