Malkia Aliyewahi Kuuzwa

Katika karne ya 7, binti Msaksoni aitwaye Balthild alivushwa bahari kutoka Uingereza, akauzwa kwa bei ndogo katika nchi ya Wafranki, ambayo leo ni Ufaransa. Aliyemnunua, Erchinoald, alikuwa mkuu wa jumba la mfalme. Balthild alimtilia vinywaji na kuwaosha wazee miguu. Bwana huyo alipofiwa na mke akataka kumwoa, binti alijificha mpaka mwenyewe akaoa mwingine. Karibu na mwaka 648 akaolewa na mfalme Clovis wa Pili, akamzalia wana watatu.

Clovis alifariki mwaka 657. Mrithi alikuwa bado mtoto, hivyo mama yake akashika hatamu za ufalme. Watakatifu wengi tunawajua kwa sala na kufunga. Balthild, naye mtakatifu, tunamjua pia kwa amri alizotoa. Alikataza Wakristo wasiuzwe nje ya ufalme, akatoa fedha kuwakomboa mateka, hasa wa kabila lake mwenyewe. Alifuta kodi iliyowalemea wazazi hata wengine wakaona afadhali watoto wafe kuliko kuwalea. Akapiga vita biashara ya kununua uaskofu.

Amri ya kutouza Wakristo nje haikumaliza utumwa: biashara ya ndani iliendelea. Lakini aliyekuwa bidhaa sasa alikuwa na muhuri wa mfalme mkononi, na hakujifanya amesahau alikotoka. Kwangu mimi huo ndio utakatifu wake, kwamba kumbukumbu ya uchungu haikugeuka kisasi wala aibu ya kufichwa, ikawa sheria na fedha za fidia.

Hakuwa malkia mpole tu. Mwandishi mmoja wa Uingereza, Stephen wa Ripon, alimshutumu kwa vifo vya maaskofu kadhaa. Siasa za Wafranki zilijaa damu, na anayempenda mtakatifu huyu asiifiche shutuma hiyo.

Karibu na mwaka 665 wakuu walimwondoa madarakani, akaingia abasia ya Chelles, karibu na Paris, aliyoijenga yeye mwenyewe. Hapo nadhani alikabili jaribu gumu kuliko utumwa. Mtumwa hutii kwa kuwa hana hiari. Balthild alikuwa mfadhili wa nyumba ile, naye akachagua kuwa chini ya Abesi Bertila, akifanya kazi jikoni na kuwauguza wagonjwa. Chelles bado wanatunza vazi la kitani linalosemekana ni lake, lenye mikufu na msalaba vilivyotariziwa kwa nyuzi za hariri.

Hata hivyo, unyenyekevu haukumpumbaza. Mpaka alipofariki karibu na mwaka 680 alimsihi abesi asiache kuwatembelea mfalme na wakuu kwa zawadi, ili nyumba isipoteze jina jema nao waendelee kuwakumbuka maskini. Aliijua ikulu vizuri.