Kiatu Kilichorowa Hakitaki Moto

Sisi watu wa pwani twalijua joto la unyevu, lile linaloifanya kanzu iliyoanikwa asubuhi iwe bado mbichi magharibi. Nilidhani nikipanda bara taabu hiyo nimeiacha nyuma. Lakini mwezi wa Aprili, masika yalipokaza, nilikwenda Ruiru kumtazama mtoto wa dada yangu, na huko nikakuta msiba wa viatu.

Kijana huyu hufanya kazi kiwandani Thika. Kila siku, akisha kusali alfajiri, hukimbia katika njia za udongo mwekundu kando ya mashamba ya kahawa. Nia yake ni kuandikishwa askari, na bila ya mbio uaskari haupatikani. Raba anazo jozi moja tu. Siku moja mvua ilimkuta njiani, akarudi viatu vimejaa maji na tope. Kwa pupa ya kutaka kukimbia tena kesho yake, alivisogeza karibu na jiko la makaa, akaenda zake kuoga. Aliporudi, soli zimebanduka kwa mbele, zimeachama kama kinywa cha samaki.

"Mjomba, maji yameviua viatu vyangu," akaniambia kwa unyonge.

Tukavipeleka kwa fundi wa viatu mjini Thika. Akavigeuzageuza, akacheka. "Mzee, hivi havikuuawa na maji. Vimeuawa na moto."

Maneno yake ni kweli. Raba za mbio hazikushonwa kama makubadhi ya ngozi. Soli yake imeshikizwa kwa gundi, na juu ya soli pana sponji yenye vipovu vya hewa. Moto huilainisha gundi na kuisinyaza sponji. Hata jua kali la mchana, kiatu kikiachwa humo siku baada ya siku, hukidhuru.

Wala viatu havirowi kwa mvua peke yake. Ruiru ndiko kiliko chuo cha kuwafunza askari wa Magereza ya Kenya, idara iliyotoa wakimbiaji wa sifa kubwa. Mwaka 2007 mbio za marathoni za ubingwa wa dunia zilikimbiwa Osaka, Japani, katika joto la unyevu kama letu. Kwa wanaume alishinda Luke Kibet, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 59. Kwa wanawake alishinda Catherine Ndereba, kwa saa 2, dakika 30 na sekunde 37. Wote wawili walikuwa watu wa Magereza. Katika joto la namna ile jasho halikauki mwilini. Pamoja na maji ambayo mkimbiaji hujimwagia kichwani, huteremka miguuni mpaka ndani ya kiatu.

Sababu ni moja kwa jasho na kwa kiatu: hewa iliyokwisha kushiba maji haipokei mengine upesi. Dawa yake ni upepo, unaoiondoa hewa iliyoshiba na kuleta nyingine. Basi osha tope kwa maji safi. Toa kamba, toa na soli ya ndani, kisha fungua ulimi wa kiatu. Shindilia magazeti makavu, na kila yakirowa yabadilishe. Halafu weka kivulini mahali penye upepo, au mbele ya feni. Huko Ruiru gazeti lililokuwa karibu lilikuwa na shairi langu, nalo likaingia kiatuni pamoja na habari za bunge. Sikununa, lilipata kazi.

Neno hili si la wakimbiaji tu. Sisi hutawadha mara kwa mara kwa siku, na tumefundishwa tangu chuoni kupitisha vidole baina ya vidole vya miguu. Lakini wangapi hujifuta hapo kabla ya kuvaa soksi? Unyevu ukifungiwa ndani ya kiatu huzaa uvundo na fangasi, ngozi ikatoka malengelenge na kupasuka. Kwa mwenye kisukari ufa mdogo kama huo waweza kuwa kidonda kisichopona, na wako waliokatwa mguu kwa kidonda kilichoanza hivyo. Kiatu kibichi basi kisivaliwe kwa sababu ya haraka.

Fundi alitia gundi, akashona pembezoni, na kijana akasubiri siku mbili mpaka viatu vikauke barabara. Siku ya tatu, baada ya sala, nilisikia mlango ukifunguliwa, naye akatoka mbio. Nami nikamwachia beti hii:

Kiatu kikirowana, usikitie motoni,
Gazeti la tangu jana, lishindilie kwa ndani,
Usiku hata mchana, kikauke kivulini,
Subira ina maana, pupa haina auni.