Kuku Ameacha Kutaga: Tazama Nyumba Yake Usiku

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye kulinda lupango, kuku watano wenye kutaga ni msaada mkubwa kwa watoto wenu. Siku moja mayai yanapungua. Jirani anasema: wamezeeka, chinja. Ngoja kwanza.

Yai moja linahitaji karibu saa 25 ndani ya kuku, na nyingi za saa hizo ni za kutengeneza ganda. Kuku anayeatamia au anayebadilisha manyoya anaacha kutaga, na huo si ugonjwa. Unga wa mahindi peke yake pia hautoshi: umpe majani, ndagala kidogo, na maganda ya mayai yaliyosagwa.

Lakini ukiona kishungi kimepauka na kuku wanakataa kuingia ndani jioni, fikiria utitiri. Mdudu huyu hafiki milimita moja. Mchana anajificha katika nyufa za miti. Usiku anatoka kunyonya damu. Ndiyo maana ukifunua manyoya saa sita ya mchana huoni kitu. Nenda usiku na tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya miti wanayolalia. Kikipata alama nyekundu, umemkamata mwizi wa mayai. Wakati wa joto anazaliwa na kukomaa kwa muda wa wiki moja hivi, na katika nyumba tupu anaweza kukaa miezi bila kula. Kununua kuku wapya na kuwaweka mle ni kumletea chakula.

Toa kuku wote, choma takataka mbali na nyumba, mwaga maji ya kuchemka katika kila ufa, kisha paka chokaa. Baada ya wiki moja rudia, sababu mayai ya mdudu hubaki. Uwawekee shimo la majivu makavu waogee.

Sasa sikilizeni vizuri. Wengine wanapulizia kuku dawa ya mbu au ya shamba. Wengine wanachukua pipa tupu la kiwandani na kulifanya chombo cha maji. Hapana! Sumu inaweza kupita katika mwili wa kuku na kuingia katika yai, na yai hilo analila mtoto. Pipa lililobeba dawa za kusafishia madini haliwi chombo cha lupango, hata ukiliosha mara kumi. Ukipewa dawa na muganga wa nyama, muulize ni siku ngapi msile mayai.

Wengi wanaogopa minyoo ya kuku. Ile ya tumboni mwa kuku haikai kwa mtu. Kinachofaa kuogopwa ni mavi yake, yanayoweza kuleta kuhara na homa. Nawa mikono kwa sabuni, na yai la mtoto lipikwe mpaka kiini kigumu.

Kuku wasilale chumbani. Utitiri akikosa kuku anauma watu. Ukija dispensari na mwasho, sema kwamba unafuga kuku, tusije tukakupaka dawa ya upele bure.