Wageni wa saa kumi na mbili: kuwakirimu nyumbani bila kuumiza afya

BABA yangu mdogo, mkazi wa Pasiansi jijini Mwanza, alipoambiwa ana presha na kisukari alipoteza kitu ambacho daktari hakukitaja: marafiki. Kwa miaka mingi walikutana baa jioni, kwenye bia na nyama choma. Alipoacha kwenda, simu nazo zikapungua. Akawa mtu wa kukaa barazani peke yake akiangalia bodaboda zikipita.

Dawa ya upweke huo ilitoka kwa mama mdogo. “Kama yeye haendi kwao, waje wao kwetu,” alisema. Sasa Jumamosi moja kila mwezi, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, viti hutolewa uani. Si sherehe wala si chakula cha usiku. Ni kinywaji, vitafunwa na maongezi.

Bila kujua, mama mdogo ameanzisha kitu ambacho Waitaliano hukiita aperitivo. Neno hilo lina asili ya Kilatini, likiwa na maana ya kufungua, yaani kufungua hamu ya kula. Katika miji kama Torino na Milano, watu wakitoka kazini hukutana kwa kinywaji chenye uchungu kidogo, zeituni, karanga na vipande vya jibini, kisha kila mmoja huenda kula kwake. Mwanza tunao mtaa wa Capri Point, wenye jina la kisiwa cha Italia, lakini jambo hili halihitaji nyumba ya kule. Uani panatosha.

Kinachofaa kuigwa ni kanuni yake: kinywaji hakinywewi tumbo likiwa tupu. Pombe hufyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba, na chakula huichelewesha tumboni ili isiingie kwenye damu kwa kasi.

Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, hatari ni kubwa zaidi. Ini likishughulika na pombe hushindwa kutoa sukari inayohitajika, na sukari inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, hata usingizini. Dalili zake, kama kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa, hufanana na ulevi, hivyo wenzake wanaweza kumwacha alale badala ya kumsaidia. Mgonjwa azungumze na daktari wake kwanza. Mjamzito asinywe kabisa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya.

Soda nayo si kimbilio. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari inayozidi vijiko vinane vya chai, wakati WHO inashauri mtu mzima, ikiwezekana, asizidi takriban vijiko sita kwa siku. Kwa baba mdogo hutengwa jagi la maji baridi yenye vipande vya limau, maganda yake na tangawizi iliyopondwa, bila sukari. Yale maganda huleta uchungu ule ule ambao Waitaliano wanaupenda. Choya au ukwaju pia vinafaa, ilimradi kila mgeni ajiwekee sukari mwenyewe. Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa.

Kuhusu vitafunwa, ziwa na shamba vinatosha. Dagaa kutoka Mwaloni Kirumba waondolewe vichwa, waoshwe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa hadi mchanga uishe, wakaushwe, kisha wakaangwe kwa mafuta kidogo na kukamuliwa limau. Kwa kuwa huliwa na mifupa yake, dagaa ni chanzo kizuri cha madini ya chokaa. Matobolwa, vile viazi vitamu vya Wasukuma vilivyochemshwa na kukaushwa, vinakwenda vizuri na karanga, lakini visizidi kiganja kimoja kwa mwenye kisukari. Msimu wa senene, sahani moja kutoka Bukoba humaliza maongezi ya siasa. Tupa karanga zenye ukungu au zilizosinyaa, maana zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini.

Chumvi ndiyo mtego. WHO inashauri chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Weka ndimu, pilipili na kitunguu saumu. Kichupa cha chumvi kibaki jikoni. Tumia visahani vidogo, maana sinia kubwa hualika mkono kurudi.

Jua likizama, vaeni mikono mirefu au ingieni ndani, kwa kuwa mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Saa mbili ikifika, mwenyeji asione haya kuaga wageni. Aliyekunywa pombe asiendeshe gari wala pikipiki.

Jumamosi iliyopita nilimkuta baba mdogo uani na wazee wenzake wanne wakicheza bao. Mmoja, aliyekuja na bia yake, aliisahau mezani na kuomba amiminiwe yale maji ya limau. Kabla ya kuondoka alimuuliza mama mdogo, kwa sauti ya chini, presha hupimwa wapi.