Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Siku ya Mtunzi Bura

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kuna mgeni ambaye asipotazamwa vizuri humwacha mwenyeji na deni badala ya kumponya. Haya, ndugu msomaji, niliyaona kwa macho yangu kule Bura.

Nalipanda basi Mombasa siku ya Ijumaa baada ya sala, nikashuka Voi, nikashika matatu ya njia ya Taveta. Tukaipita Mwatate, na magharibi ikanikuta Bura, chini ya milima ya Taita, mahali ambapo wamisionari wa Kikatoliki walianzisha misheni yao mwaka 1892. Nalikuwa nimeitwa na mwenye duka la vitabu, mwalimu mstaafu, nimsaidie kumpokea mtunzi mashuhuri. Jina la mtunzi silitaji, maana habari hii ni ya mwenyeji.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye rafu nne. Wakiingia watu 12, wa 13 husimama nje. Zamani mwalimu akiziuzia shule za jirani vitabu vya darasani. Mwaka 2013 vitabu vikatiwa kodi ya VAT ya asilimia 16. Kisha mwaka 2018 serikali ikaanza kupeleka shuleni vitabu iliyovinunua moja kwa moja kwa wachapishaji, na biashara yake ikakauka. Akabakiwa na madaftari na kalamu.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, vijana watatu walimjia mwalimu wakiulizia vitabu vyake. Hakuwa na hata kimoja.

"Siku ile niliona haya, Maalim," aliniambia. "Nilijua kwamba nina duka la karatasi, si duka la vitabu."

Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alipoifasiri riwaya mojawapo ya Gurnah kwa jina la Peponi, ikachapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota, mwalimu aliagiza nakala tano. Zikanunuliwa zote. Hapo akapata moyo wa kualika mtunzi.

Basi alikuwa amechukua kwa mkopo nakala 60 za kitabu cha huyo mgeni, kwa sharti kwamba zisizouzwa hazirudishwi, na deni lilipwe mwisho wa mwezi. Kila nakala bei yake shilingi 700, na faida ni 140. Tukapiga hesabu kwa taa: mpaka auze nakala 48 ndipo deni liishe. Zile 12 za mwisho ndizo riziki yake. Na juu ya hayo alikuwa amekwisha kuulizia bei ya hema, vipaza sauti na viti 200, gharama ambayo ingeimeza faida yote hata kabla mgeni hajafika.

Nikamwambia, "Mwalimu, sisi Pwani tukisoma maulidi uani, aghalabu hatukodi kitu. Jirani huleta mkeka, mwingine chetezo, mwingine birika la kahawa, na ajuaye kusoma husoma. Kila aliyeleta kitu hujiona ni mwenyeji. Nawe fanya vivyo hivyo."

Akacheka. "Maalim, mimi ni Mkatoliki."

"Sikwambii usome Barzanji. Nakwambia uazime mikeka."

Asubuhi tukapita mlango kwa mlango. Mabenchi yakatoka kanisani, mikeka ikatoka kwa Waislamu wa sokoni, na mama mmoja wa hoteli akajitolea chai. Kufikia saa nane mchana watu walikuwa wamejaa chini ya mwembe mbele ya duka: wanafunzi, wakulima, na bi vizee waliokuja kutazama tu.

Mgeni hakutokea. Gari lake lilikuwa limeharibika Maungu. Saa tisa ikapita, watu wakaanza kujipangusa vumbi na kutazama njia ya kwao. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyefiwa.

Nikamwambia afungue bunda la vitabu, awape watoto wasome kwa zamu. Msichana mmoja wa sekondari akasimama, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya kutetemeka. Kabla hajafika mwisho, bi kizee mmoja akauliza maana ya neno. Mzee mwingine akamjibu, wa tatu akambishia, na waliokuwa wamesimama wakakaa tena. Mtunzi alipofika, saa kumi na nusu, aliwakuta wanagombana juu ya mhusika wake. Wala hakwenda mbele. Aliketi kwenye benchi la nyuma, akasikiliza mpaka wakamtambua. Baadaye alinambia kwamba amepata kupokewa kwenye kumbi kubwa, lakini hajapata kuwakuta wasomaji wake wamemtangulia.

Usiku tukahesabu. Nakala 39 zimeuzwa, 9 bado ili deni liishe. Mgeni amekwisha kwenda zake. Nilimwacha mwalimu na hofu yake, nami nikarudi Mombasa nikiwa sina la kumwambia.

Mwisho wa mwezi akanipigia simu. Wale waliokuwa wakibishana walirudi kutaka kujua nani alikuwa na haki. Wanawake wa chama kimoja walichanga wakanunua nakala mbili, wanazipokezana nyumba kwa nyumba. Wengine walilipa kidogo kidogo. Zilikuwa zimetoka nakala 51. Deni limelipwa, na mkononi zimebaki shilingi 2,100.

Si utajiri. Lakini nakala moja kati ya zile tisa zilizosalia ameiweka mezani, haiuzwi, na kila Jumamosi mtu husimama akawasomea wenziwe. Mikeka bado i pale, maana wenyewe wamekataa kuichukua.