Mkaa Uliohesabu Vipokezi

Msomaji ambaye baba yake anachomwa sindano za kushusha homoni kwa sababu ya saratani ya tezi dume ameuliza: homoni hujuaje njia ya kwenda kwenye tezi hiyo, isiishie sikioni? Haijui. Testosteroni hufika kila mahali damu inapofika, na kwa kuwa ni ya jamii ya mafuta, hupenya ndani ya seli. Seli isiyo na kipokezi chake, yaani protini ya kuikamata, haina habari nayo. Yenye kipokezi huipokea, kisha viwili hivyo huingia kwenye kiini na kuamsha jeni. Wazo la sindano hizo lina asili yake Chicago, ambako Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba saratani hii ikinyimwa homoni hurudi nyuma. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Lakini uhondo uko kwenye maabara za miaka ya 1970, zilipohesabu vipokezi vya tezi dume ya binadamu bila mtu kuviona. Nyama iliyotoka kwenye upasuaji ilisagwa juu ya barafu, maana joto huvunja kipokezi, ikazungushwa kwa kasi, na majimaji yake yakatiwa homoni yenye haidrojeni nururifu.

Sasa fikiria ukumbi wa harusi ambao huwezi kuuchungulia. Unataka idadi ya viti. Waingize wageni wengi kuliko viti, kila mmoja na taa mkononi. Waliokosa viti watolewe nje. Hesabu taa zilizobaki. Mtoaji wa wageni ni mkaa: unga wake, uliopakwa dekstrani, hunyonya homoni iliyosimama na kuiacha iliyoketi.

Tatizo ni majirani waliokuja na viti vyao. Damu iliyobaki kwenye nyama ina protini inayobeba homoni za jinsia, nayo huikalisha dihidrotestosteroni, ndugu wa testosteroni, vizuri kabisa, ikahesabiwa kama kipokezi. Wafaransa wa kampuni ya dawa ya Roussel-Uclaf walikuwa na mgeni mwenye adabu zake, homoni ya kutengenezwa iitwayo R1881: viti vya majirani havigusi. Ila hukalia pia vipokezi vya projesteroni! Dawa yake ikawa kuvijaza viti hivyo mapema kwa triamsinoloni, isiyo na taa. Kila ninapofika hapa nafurahi upya: kosa limezibwa kwa kuketisha mgeni mwingine.

Kusaga kulichanganya seli za kila aina, hivyo hesabu haikusema viti vilikuwa vya seli zipi; baadaye kingamwili zilionyesha kipokezi kilipo, seli kwa seli. Mkaa haukustaafu. Watafiti wanaokuza seli za LNCaP, za saratani ya tezi dume, zilizotoka kwenye tezi ya limfu ya mgonjwa mwaka 1977, wakitaka kupima homoni moja tu, huichuja kwanza seramu ya ndama kwa mkaa, seli zisionje homoni nyingine za jamii hiyo.