Ifakara: Gari Libaki Nyumbani, Fedha Ziende kwa Wenyeji

Katika safari nyingi za hifadhini, kinachopandisha gharama ni gari. Ifakara, mji wa mchele na mbao mkoani Morogoro, unakuondolea mzigo huo. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara ndani: kila mtu hutembea. Bonde oevu la Kilombero, lililoingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani mwaka 2002, huonekana vizuri ukiwa ndani ya mtumbwi. Hivyo fedha za gari zihamishie kwa mwongozaji na mwenye mtumbwi, ndio wanaojua wanyama walipo.

Basi au treni?
Basi kutoka Dar es Salaam lina uhakika zaidi. Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na abiria huona twiga na swala bila kulipa kiingilio. Treni ya TAZARA hukatiza Hifadhi ya Nyerere, lakini haisafiri kila siku na huchelewa. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda 4, cha pili 6. Wanaume na wanawake hutengwa, isipokuwa mkikata chumba kizima. Unaweza kushuka usiku wa manane, kwa hiyo weka nafasi ya gesti mapema. Mwenye siku chache apande basi.

Msitu au mto?
Kwa Udzungwa, lala Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi. Ukilala Ifakara utalipa nauli ya kwenda na kurudi bure. Mtanzania na mgeni wa nje hulipa viingilio tofauti. Malipo hayapokelewi taslimu, na kiingilio hudumu saa 24, basi ingia asubuhi. Njia ya maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha takribani mita 170, inastahili jasho lake: mbega wekundu wa Udzungwa na ng'olaga (mangabey wa Sanje) hawapatikani nje ya milima hii na maeneo ya jirani.

Kwa Mto Kilombero, lala Ifakara. Bei ya mtumbwi patana kwa safari nzima, si kwa kichwa, na ulizia kama muda wa kusubiri umo. Kabla ya kulipa, kagua nyufa na maji yaliyotuama chini. Ketini wote mtumbwi ukiwa bado kwenye kina kifupi. Ukingo ukibaki chini ya shubiri moja juu ya maji, mmoja ashuke. Mto una viboko na mamba, na mtumbwi wa bei poa uliojazwa watu si nafuu. Ukitaka sheshe (aina ya swala) na mnana wa Kilombero, ndege asiyepatikana kwingine duniani, nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika maji hufunika mbuga na wanyama hutawanyika.

Mninga au mtiki?
Wageni wengi huvutiwa na fanicha za hapa. Mninga hukua taratibu katika miombo, na kila gogo linalokatwa ovyo hupunguza msitu unaotunza maji ya bonde. Mtiki hupandwa bondeni kwa ajili ya kuvunwa. Mimi ningechagua huo. Kwa vyovyote, dai risiti na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Bila kibali, mbao uliyopunguziwa bei itazuiliwa kwenye geti la maliasili, na hasara itakuwa yako.

Uamuzi
Mwenye siku mbili achague Udzungwa: bei zake hupangwa na hifadhi, hakuna kubahatisha. Mwenye siku nne aongeze mto. Familia yenye watoto wadogo iache mtumbwi, ibaki kwenye njia fupi za msituni. Na popote utakapopunguza matumizi, usimpunje mwongozaji: mwenyeji anayepata riziki kwa mnyama aliye hai ana sababu ya kumlinda.